Mkeka Jangwani

Mkeka umetandikwa juu ya changarawe, mbele ya mlango wa gari. Ni mkeka wa plastiki wa kusukwa, buluu na nyeupe, na mtu aliyezoea maduka ya Kariakoo au Kongowea angeapa kwamba ulinunuliwa huko. Juu yake pana viti viwili vya kukunja, meza fupi, birika na vikombe, na kando ya ngazi ya kupandia zimepangwa jozi mbili za ndala, maana vumbi la nje halikaribishwi ndani. Gari lenyewe lina urefu wa basi la abiria. Ubavu wake mmoja umesukumwa nje ili sebule ipate nafasi, turubai limekunjuliwa kutoka kwenye paa likaweka kivuli, na huko juu mabamba ya sola yanapokea jua la Januari. Mke anasoma kitabu. Mume hafanyi kitu chochote. Wote wawili wameelekeza nyuso kwenye milima ya mawe matupu iliyo mbali, na chai yao inapoa bila mtu kuihimiza. Wazee wa umri wao, huko nilikozaliwa, nimewaona wamekaa namna nyingi. Namna hii sikuwa nimepata kuiona, na ndiyo iliyonifanya nisimame.

Hapa ni Quartzsite, mji mdogo wa Arizona kando ya barabara kuu namba 10, ile inayotoka Phoenix kwenda Los Angeles. Madereva wa malori wanaozungumza Kiswahili, watu wa Goma, Bujumbura na Eldoret, huupita usiku na mchana. Kwao ni mahali pa kujaza dizeli, kuoga na kuendelea. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wasiozidi 2,500. Lakini fika katikati ya majira ya baridi, wakati Minnesota na Saskatchewan zimelala chini ya theluji, ukute tambarare nzima imejaa nyumba za magurudumu: mabasi ya kifahari, matela, vigari vya mizigo vilivyotiwa kitanda na jiko. Wenye magari hayo wengi ni watu waliomaliza kazi. Wamarekani huwaita ndege wa theluji, kwa kuwa baridi ikianza kaskazini huteremka kusini, na joto likirudi hupanda tena. Tangu 1983 ardhi ya serikali iitwayo La Posa, kusini tu ya mji, huwapokea kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili, kwa kibali cha msimu mzima ambacho kwa miaka mingi kilikuwa dola 180. Hakuna nguzo za umeme. Kuna bomba la kuchotea maji safi na mahali pa kumwagia maji machafu, basi. Asiyetaka kulipa husogea mbele kidogo, kwenye ardhi ambayo sheria inampa siku 14 kabla ya kumtaka ahame. Nasi tuna kanuni yetu ya ugeni: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lile halikuwa tusi. Lilikuwa njia ya kumwambia mgeni kwamba sasa amekuwa mtu wa hapa, ana sehemu yake katika kazi na katika chakula. Jangwani hakuna wa kuwapa wazee hawa jembe, na naamini hicho ndicho walichokifuata. Wamelima maisha yao yote, kila mmoja shamba lake, ofisini, darasani, kiwandani, wodini. Wanataka mahali ambapo siku ya tatu hupambazuka na hakuna anayewanyooshea mpini.

Mtoto wa pwani hawezi kuitazama kambi hii asikumbuke bandari. Kabla ya injini, majahazi ya Oman, ya Yemen na ya Kutch yaliteremka kwetu na kaskazi, kuanzia mwezi Desemba, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Unguja. Yalipomaliza kupakua tende, chumvi na vitambaa hayakuweza kugeuza omo na kurudi. Upepo ulikuwa bado haujageuka. Mabaharia walilazimika kungoja kusi ishike, Aprili na kuendelea. Katika miezi hiyo walishona matanga, walikalafati mbao na kupaka deheni, walisali Ijumaa kwenye misikiti ya mitaa, walikopa, waligombana, walioa. Vitabu husema pwani yetu ilijengwa na biashara. Mimi naamini zaidi kwamba ilijengwa na kungoja. Mtu mwenye haraka hununua akaondoka. Anayelazimika kukaa hujifunza salamu ya jirani, na baada ya salamu atataka kujua jirani ameamkaje, na mwanawe aliyekuwa na homa anaendeleaje, na hapo ndipo mapishi, maneno na ukoo hupata udongo wa kuota. Quartzsite ni bandari ya jinsi hiyo, iliyowekwa mbali na bahari. Wazee wanaungoja mwezi wa joto, wakati nyuzi zitakapopanda kuelekea 40 na bati la gari litakapokuwa halishikiki, ndipo wakunje turubai. Hadi hapo wana muda. Wanabadilishana mawe ya rangi waliyookota milimani, wanarekebishiana pampu za maji, wanapeana habari za barabara iliyoharibika na daktari wa meno aliye upande wa pili wa mpaka, Mexico, ambaye bei yake inavumilika. Jioni mmoja anawasha moto na wengine wanakuja na viti vyao. Mwaka ujao watatafutana tena kwenye changarawe hiihii, na asiyeonekana ataulizwa.

Lakini ni vile viti viwili vilivyouteka moyo wangu. Kwetu mzee mwanamume ana kiti chake barazani, na wenzake humjia: bao, kahawa, siasa, habari za vifo. Mzee mwanamke ana kigoda chake uani, na wenzake humjia: ukili, ungo wa mchele, wajukuu, habari za vifo vilevile. Kati ya baraza na ua pana ukuta mmoja na miaka arobaini. Si chuki. Mara nyingi ni mapenzi makubwa yaliyozoea kusema kwa vitendo: kwa sahani iliyofunikwa kawa, kwa kanga mpya ya sikukuu, kwa kidonge cha presha kilichowekwa karibu na glasi ya maji kabla mwenyewe hajakiulizia. Ila muulize mama ni lini mara ya mwisho alikaa na baba wakatazama kitu kimoja pamoja, kitu ambacho si mgonjwa, si jeneza, si bibi harusi. Atacheka, na baada ya kucheka atafikiri. Miaka yote ya kulea walizungumza juu ya ada, mabati, saruji, mahari ya mtoto wa kaka, shamba lililovamiwa. Watoto wakaondoka, na mazungumzo yakaondoka nao. Kustaafu kunawakuta watu wawili wema, waliojengeana nyumba nzuri, na ndani ya nyumba hiyo kila mmoja ana njia zake, kama mito miwili iliyotoka mlima mmoja.

Wazee hawa wa jangwani wamejibana katika chumba chenye upana wa mita mbili na nusu. Hakuna baraza ya kukimbilia wala ua wa kujistiri. Mmoja akiendesha, mwenziwe anasoma njia. Mmoja akirudisha gari nyuma ili aegeshe, mwenziwe amesimama nyuma amenyoosha mkono: njoo, njoo, kata kushoto, simama. Ninavyoona mimi, katika ishara zile za mkono mna ndoa nzima, maana anayeendesha haoni nyuma na hana budi kuamini. Maji ya tangi yanahesabiwa. Umeme wa betri unahesabiwa. Aliyekoroma jana anajulikana. Sisemi kwamba wanapendana kuliko wazazi wetu, na atakayesema hivyo hajui sahani iliyofunikwa kawa ina uzito gani. Nasema wamejipa nafasi ya kujuana mara ya pili, sasa wakiwa hawana tena jambo kubwa la kuamua isipokuwa wakae hapa au wasogee kule kwenye kivuli cha mlima. Niliona wivu, na wivu ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa mama yangu.

Wahenga hawakupatana kuhusu watu wa aina hii. Mtembezi hula miguu yake, alisema mmoja. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, akajibu mwingine. Kwenye miteremko ya hapa pana mimea mikubwa ya dungusi iitwayo saguaro, mirefu kupita nyumba, na inanisaidia kufikiri kuliko methali zote mbili. Saguaro unaweza kuishi zaidi ya miaka 150. Mkono wake wa kwanza huutoa ukiwa na umri wa miaka hamsini, sabini, penye ukame mkali hata zaidi. Kabla ya hapo ni nguzo iliyonyooka, haina tawi. Umri ambao sisi tunamwandikia mtu barua ya kumshukuru kwa utumishi wake uliotukuka, jangwa linauona kuwa ndio wakati wa kuanza kunyoosha mkono. Sijui kwa nini jambo hili halifundishwi kwenye semina za wastaafu, zile zinazojaa habari za kufuga kuku.

Ndani ya makaburi ya mji huu pana piramidi ndogo ya mawe, na juu ya ncha yake amesimama ngamia wa shaba. Chini yake amelala mtu aliyeitwa Haji Ali, ambaye Wamarekani, kwa ulimi wao, walimfanya Hi Jolly. Alitoka katika milki ya Waosmani, upande wa Shamu. Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitenga dola 30,000 za kununulia ngamia wa jeshi, kwa wazo kwamba mnyama wa jangwa la Uarabuni angelifaa jangwa la Marekani, na mwaka uliofuata Haji Ali akashuka bandarini Texas pamoja na wanyama wale. Mwaka 1857 walitumika katika msafara wa Edward Beale, uliopima njia ya magari ya kukokotwa kuelekea California. Ngamia walistahimili kiu na mizigo kuliko nyumbu. Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, mradi ukasahauliwa, ngamia wakauzwa, wengine wakaachwa waende zao nyikani. Haji Ali hakurudi kwao. Alibeba mizigo, alitafuta dhahabu, alioa Tucson akapata mabinti, akarudi tena jangwani, akafa hapa mwaka 1902. Kituo chake kilikuwa kirefu kuliko safari yake. Nilisimama mbele ya kaburi nikamsomea Fatiha, maana nilidhani ni muda mrefu hajasomewa na mtu aliyelitamka jina lake sawasawa.

Piramidi ile ilijengwa mwaka 1935. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Rais Roosevelt alitia saini sheria ya hifadhi ya jamii, iliyoahidi kwamba mfanyakazi wa Marekani akifika miaka 65 atapata malipo ya kila mwezi hadi kufa kwake. Naviweka vitu hivi viwili pamoja kwa makusudi. Mtu aliyefanya kazi ya safari maisha yake yote alipewa jiwe. Waliokuja baada yake walipewa hundi. Hundi hiyo ndiyo iliyozaa wazee wa kwenye mkeka. Bila hiyo hakuna mafuta, na gari kubwa la aina hii hulamba lita moja kwa kilomita tatu au nne. Burudani ya uzeeni tunaizungumza kana kwamba ni tabia ya mtu, huyu mchangamfu, yule mpweke. Ukweli ni kwamba kabla ya kuwa tabia ilikuwa sheria, na kabla ya sheria palikuwa na watu waliozeeka wakifa njaa hadharani mpaka taifa likaona haya.

Na si wote walio kambini wanaopumzika. Ukitembea kutoka gari la mkeka wa buluu ukapita mabasi ya kifahari, ukafika kule pembeni, utaona magari madogo yenye mapazia ya mashuka, na ndani yake watu wa umri uleule. Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu cha Nomadland kilichotoka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikashinda Oscar ya filamu bora mwaka 2021, kiasi kwamba hata aliyeko Arusha au Kisumu ameiona changarawe hii kwenye skrini. Hao ni watu waliopoteza nyumba au akiba katika mtikisiko wa mwaka 2008, au waliolipwa kidogo maisha yao yote hata hundi ya uzeeni ikatoka kidogo. Kabla ya Krismasi hupanga bidhaa katika maghala makubwa. Wakati wa mavuno hufanya vibarua vya viazisukari. Kiangazi husafisha vyoo vya kambi za hifadhi za taifa. Magoti yao yamekwisha. Wanaishi jirani na wanaopumzika, wanachota maji bomba moja, wanatazama jua moja likizama, na mpita njia hawezi kuwatofautisha mpaka awaulize watakwenda wapi Aprili. Mmoja atasema wanafikiria kupanda mpaka Oregon, kuna ziwa wanalolipenda. Mwingine atasema anakwenda kunakoitwa. Siwezi kuutazama mkeka wa yule wa kwanza nikafurahi kikamilifu wakati yule wa pili yuko hatua mia moja mbele. Kukaa bila haraka ni haki ya kila mtu aliyefanya kazi akazeeka, na haki ikigawiwa kwa mafungu, hata aliyepata fungu kubwa anakaa kando ya deni.

Swali lililobaki ni la wote wawili, mwenye basi na mwenye kigari: utaangukia wapi? Mtu anayehama na majira hana kata, hana mjumbe wa nyumba kumi, hana mlango wa kugongwa asipoonekana siku mbili. Wamarekani wamelijibu swali hili kwa namna inayonigusa sana. Kuna chama cha watu wa magari-nyumba kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, chenye makao katika mji wa Livingston, Texas. Maelfu ya wanachama wake wana anuani hapo, wengine bila kuwa na hata tofali moja mjini humo. Barua zao hufikia pale, kisha hutumwa popote walipoegesha. Na katika makao hayohayo chama kilifungua kituo kwa wanachama wasioweza tena kuendesha, ambao macho yamepungua, au mwenzi amefariki, au akili imeanza kusahau. Mzee aliegesha gari lake kwa mara ya mwisho, akaendelea kulala kitandani mwake mwenyewe, na walikuwapo wa kumpikia na kumpeleka kwa daktari. Waliokosa ukoo karibu wamejitengenezea ukoo wa barabarani. Sisi tunaojivuna kwamba hatuna nyumba za wazee tungefaa tukae kidogo na jambo hili. Mzee wetu yuko nyumbani, kweli, na nyumba ni yake, na wajukuu watano wamelala sebuleni, na yeye ndiye anayeamka saa kumi na moja kuwachemshia uji.

Maana kustaafu kwetu ni kupewa kazi nyingine. Mtumishi wa umma wa Tanzania kwa kawaida hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, kwa lazima akiwa na 60. Kiinua mgongo kinapotoka, paa la nyumba linakingoja, mtoto wa mwisho aliye chuo anakingoja, na ndugu ambao hawakupiga simu mwaka mzima wanaikumbuka namba. Kesi za ukoo zinahamia kwake kwa kuwa sasa ana nafasi. Na akisafiri, husafiri kwa amri: msibani, harusini, hospitali ya rufaa, au kwa binti aliyejifungua, akakae miezi mitatu akioga maji ya kupimiwa na kulala chumba cha watoto. Sijawahi kusikia mwalimu mstaafu na mkewe wamepanda treni kwa kuwa walitaka kuona nchi waliyowafundisha watoto wa watu kwa ramani. Alichora Ziwa Tanganyika ubaoni kila mwaka, akaandika kwamba ni la pili kwa kina duniani, na akazeeka bila kuliona.

Ningependa niwakatie tiketi wazee wetu hawa. Reli ya kati imefika Kigoma tangu 1914. Wakipanda Dar es Salaam wataamka Dodoma, watashinda Tabora, mama atanunua asali dirishani na baba atalalamikia bei. Daraja la pili la kulala linatosha. Wafike, watafute nyumba ya wageni yenye kibaraza kinachotazama maji, si mbali na Ujiji, na wasiwe na tarehe ya kurudi. Siku za kwanza zitawasumbua. Baba atatafuta gazeti na watu wa kubishana nao. Mama ataenda jikoni kwa watu kuuliza kama kuna cha kumsaidia mpishi. Simu zitapigwa: mchele uko wapi, funguo ya stoo iko wapi, mnarudi lini. Waziache zilie. Siku ya tatu au ya nne watakaa, wale migebuka, watazame mitumbwi ya dagaa ikitoka na taa zake, na mmoja wao atasema jambo ambalo hakulisema tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Watu wa mtaa, kwa wema wao, watawauliza nani amefariki. Hakuna, watajibu. Basi harusi ya nani? Si harusi. Tumekuja tu, tunaangalia ziwa, tukichoka tutaondoka.